Umeambiwa sampuli ya mlango wa kizazi haijafaa, urudie? Wadau wa Mtwara na Lindi pitieni hapa

Mkunga wa Masasi (mwanzisha uzi)

Habari za mchana wakuu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie. Mimi ni nesi mkunga huku Masasi, kipimo cha mlango wa kizazi ndio kazi yangu ya kila siku, na kuna jambo linaniuma sana nimeona niliandike lote hapa.

Mama anatoka kijijini huko Nanyumbu, kaomba ruhusa kwa mzee, kaacha korosho chini hazijaokotwa, kalipa bodaboda, kapanda kitandani kavumilia aibu na lile chuma la baridi, wiki kadhaa zinapita anapigiwa simu sampuli yako haijafaa njoo tuchukue nyingine. Wengi hawaji tena. Na kule mtaani maneno yanaanza, mara wameona kitu wanamficha, mara kapimwa ukimwi kimya kimya, mara mume anauliza ulienda kufanya nini hasa.

Tuelewane kwanza. Jibu la "haijafaa" maana yake maabara wameshindwa kusoma, basi. Halisemi una kansa na wala halisemi uko salama, ni sawa na hujapima kabisa. Kwaiyo anayekaa nyumbani na hilo jibu akidhani yameisha amejiacha wazi, na kansa hii Tanzania ndio inaongoza kwa wanawake, wagonjwa wapya ni takriban 10,000 kila mwaka, na wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, wakati ishakwenda mbali.

Sasa kinachotafutwa ni nini. Mlango wa kizazi una seli za aina mbili, za nje ni bapa na zile za ndani ya njia ni ndefu ndefu, na pale zinapokutana ndipo virusi vya HPV, vile vinavyoleta kansa hii, vinapenda kukaa na ndipo kansa inapoanzia. Sampuli nzuri ni iliyogusa pale, ikapata seli za kutosha, na zikafika kwenye darubini zikiwa na sura yake ile ile. Vinavyoharibu hivyo vitu vitatu vingi ni vidogo na viko mikononi mwetu, wa upande wenu na wa upande wetu.

Upande wa mama, cha kwanza damu. Ukiwa kwenye siku zako usije kwa pap smia, kile kipimo cha kuchota seli na kuzipaka kwenye kioo cha slaidi, damu inafunika seli zote. Nafasi nzuri ni katikati ya mwezi wako, siku kumi na kitu toka ulivyoanza kubleed. Cha pili, siku mbili kabla usikutane na mwanaume, usiweke vidonge vya fangasi ukeni wala krimu yoyote, na usijisafishe kwa ndani. Hapa kwenye kujisafisha naomba nikae kidogo maana pwani yetu hii ndio ugonjwa wenyewe, mama akiambiwa kesho anaenda kupimwa usiku anaona aibu anajiosha mpaka ndani na sabuni, mwingine shabu, mwingine ndimu, anataka nesi amkute msafi. Mamaangu, zile seli zilizolegea juu juu ndio tunazozitaka sisi, ukizisuuza unatuachia nini, na hizo shabu na sabuni zinachubua. Oga nje kama kawaida inatosha. Hatukuchungulii usafi.

Kama una uchafu unaotoka wenye harufu au muwasho, njoo hivyo hivyo ila sema. Usaha ukizidi nao unafunika seli, mara nyingi tunatibu kwanza afu unarudi kwa sampuli. Na waliojifungua juzi juzi wasubiri zipite wiki 6 mpaka 12, kabla ya hapo kuna damu na seli zenyewe zinadanganya.

Upande wetu sasa, na hapa nasema bila kumung'unya maana sampuli nyingi zinafia mikononi mwa mchukuaji. Jeli ya kulainisha, mtu anaipaka kwenye spekulamu, lile chuma la kufungulia njia, mpaka kwenye ncha, jeli inaingia kwenye sampuli inafunika seli, na kwenye vile vichupa vya kimiminika, ambamo seli zinawekwa badala ya kupakwa kwenye slaidi, ndio balaa zaidi. Maji ya uvuguvugu yanatosha, au jeli kidogo sana ipakwe kwa nje mbali na ncha. Kisha mtu haoni mlango wote vizuri anachota tu alipofikia. Brashi ile ya kama fagio inatakiwa kuzungushwa duara 5 kamili upande mmoja, ile nyembamba ya kuingia ndani ya njia robo mpaka nusu duara tu ukizidisha inachuna damu inatoka, na mjamzito hatuiingizi kabisa.

Halafu feni. Wakuu huku kwetu joto mnalijua, chumba kina feni ya dari inazunguka kwa kasi yote, nesi anapaka slaidi, anageuka kutoa spekulamu kwanza, anamwambia mama vaa, anarudi kwenye slaidi. Ishakauka. Seli zikikauka kwa hewa zinavimba na kupoteza rangi, kiini chake kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, msomaji hawezi kusema hii ni mbaya au ni kukauka tu. Slaidi inazama kwenye spiriti ya asilimia 95 hapo hapo mkono haujapumzika, kopo lifunguliwe kabla hujachukua sampuli, sio uanze kuhangaika na kifuniko. Na kopo lisishinde wazi, spiriti inapotea hewani unabaki na maji. Mimi huwa nazima feni ndio naanza, mama akitokwa jasho dakika mbili ananisamehe.

Mwisho penseli. Jina na namba viandikwe kwa penseli kwenye ule upande wa slaidi wenye ukungu, wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti unafika maabara na slaidi isiyo na mwenyewe. Hiyo haisomwi hata iwe nzuri vipi.

Karibuni wenye maswali, na wa maabara kama mpo jazieni.

Mzee wa Kitangari

Nesi umenigusa. Mke wangu aliambiwa arudie nikajua kuna kitu kanificha tukakaa wiki nzima hatusemeshani vizuri. Kumbe. Sasa hizo siku mbili za kutokutana mbona hakuna aliyetuambia wanaume? Yeye aliniambia nikaona ni visingizio.

Mkunga wa Masasi

@Mzee wa Kitangari shikamoo. Si visingizio mzee wangu. Mbegu za kiume zinabaki kule ndani siku kadhaa, na mafuta ya kondomu nayo vilevile, vyote vinachanganyika na sampuli. Ni siku mbili tu. Ukiweza msindikize, uingie uelezwe na wewe, wanaume wanaokuja na wake zao hatuna kazi ya kuwaeleza mara mbili na mama anakuwa hana hofu ya kujibu nyumbani.

Darubini Lindi

Mimi nipo upande wa maabara, Lindi. Mkunga kaandika vizuri naongezea machache ambayo watu hawayaoni.

Slaidi ya kawaida ili tuseme inatosha tunataka seli bapa zinazoonekana vizuri kuanzia 8,000 mpaka 12,000 hivi, ya kimiminika 5,000. Hatuhesabu moja moja, tunakadiria kwa uwanja wa darubini. Damu au usaha ukifunika zaidi ya robo tatu ya seli tunaandika haifai. Lakini kuna jambo moja, tukiona seli za mashaka hata chache tu kwenye slaidi mbovu kiasi gani hatuandiki haifai, jibu linatoka na mama anaitwa. Kwaiyo ondoeni hofu kwamba eti "haijafaa" ni lugha ya kuficha.

Tena kukosa zile seli za ndani peke yake hakufanyi tuikatae, tunaandika tu kwamba hazikuonekana, daktari atajua afanye nini.

Vichupa vya kimiminika, nawaomba manesi kitu kimoja, angalieni tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kuchukua, sio baada. Na msichanganye utaratibu wa vichupa vya kampuni mbili, ThinPrep na SurePath. ThinPrep brashi ya fagio unaikandamiza chini ya kichupa mara 10, nywele zinatanuka, unaizungusha kwa nguvu kidogo ndio unaitupa. SurePath kichwa cha brashi kinabaki humo humo ndani. Sasa mtu anabakisha kichwa kwenye ThinPrep na kukitoa kwenye SurePath, seli zinaondoka na brashi kwenye ndoo ya taka. Na usiiache brashi mezani unajaza fomu kwanza, seli zinang'ang'ania.

Usafiri: kichupa cha ThinPrep kinakaa wiki 6 kwenye joto la nyuzi 15 mpaka 30. Sasa Novemba na Desemba huku weka kifurushi kwenye buti la gari lililopaki juani uone kama halijapita 30. Na njia yetu mnaijua, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara Somanga kule Kilwa hakuna kilichopita kwenda Dar. Ukisubiri sampuli zijae boksi ndio utume, jiulize kwanza ya chini kabisa ina siku ngapi.

Na hii watu wengi hawaijui kabisa: msifunge slaidi za pap smia pamoja na vile vikopo vya vinyama vyenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama vilivyokatwa. Mvuke wa fomalini unaingia kwenye slaidi unaharibu rangi, na kama slaidi haijazamishwa vizuri kwenye spiriti ndio kabisa.

Fomu nazo. Umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, ana kitanzi, ananyonyesha, yupo kwenye sindano ya uzazi, aliwahi kupigwa mionzi. Naletewa fomu ina jina tu. Mama anayenyonyesha seli zake zinafanana na za bibi aliyekoma hedhi, kitanzi nacho kinaleta seli za ajabu ajabu, nisipoambiwa nitasoma vibaya.

Binti wa Shangani

Mie nauliza kuhusu hiki cha kujichukulia mwenyewe. Nimesikia ukiwa nacho hulali kitandani kabisa. Si ndio tuhamie huko mambo ya feni na spekulamu yaishe?

Darubini Lindi

Dada hicho ni kipimo cha HPV, kinatafuta virusi vyenyewe, hakiangalii sura ya seli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani walisema hicho ndio kiwe cha kwanza pale kinapopatikana, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 mpaka 10, na mama anaweza kujichukulia mwenyewe. Mashine ya GeneXpert hii hii ya kifua kikuu inakipima kama kuna katriji zake, saa moja tu jibu limetoka.

Ila usidhani hakiharibiki. Ile mashine inatafuta pia jeni ya binadamu kwenye sampuli, isipoiona inasema batili, maana yake pamba haikugusa mwili. Damu nyingi na krimu nzito za ukeni nazo zinaizuia. Lakini sampuli hii inavumilia mengi kuliko slaidi, hilo ni kweli.

Mkunga wa Masasi

@Binti wa Shangani nikuongezee namna ya kufanya. Nawa mikono, usiishike ile ncha ya pamba na isiguse kitanda wala nguo, ingiza taratibu mpaka ikatae, zungusha kama sekunde 20 hivi huku ukihesabu pole pole, toa, rudisha kwenye kichupa chake funga. Usiisuuze na maji hata ukiona ina ute. Zile siku mbili za bila krimu na bila kujisafisha ndani zibaki vilevile. Na ikija ina virusi bado utapanda kitandani kuangaliwa, hapo hakuna mkato.

Somo wa Mnazi Mmoja

Mimi ni mtu mzima, wasichana na wake za watu wanapita kwangu kufundwa. Hili la kujisafisha ndani tumelifundisha wenyewe mwanangu, kwamba mwanamke asiwe na maji asiwe na harufu. Nikiwaambia leo waache watanielewa?

Mkunga wa Masasi

Shikamoo somo. Watakuelewa kuliko watakavyonielewa mimi. Mie nikisema kliniki wanaitikia ndio nesi, wakifika nyumbani wanafata la somo. Waambie tu ute wa kawaida ni kinga, sehemu ya ndani inajisafisha yenyewe, na shabu inachubua njia na penye mchubuko ugonjwa unapita kirahisi. Kama unaona kuacha moja kwa moja ni kazi, anza na siku mbili za kabla ya kipimo. Nakuheshimu sana kwa kuuliza hadharani, na siku ukitaka nije kwenye kikao chenu nije niwaoneshe spekulamu waishike wenyewe, nitakuja.

Mwanafunzi Clinical

Samahani wakubwa, kituo chetu tunatumia siki, hiki cha VIA, unapaka siki kwenye mlango wa kizazi unaangalia kwa macho. Wakati mwingine daktari anataka vyote viwili, siki na sampuli. Kipi kianze?

Mkunga wa Masasi

Sampuli kwanza, siki baadae. Ukishapaka siki ile asidi inabadilisha seli, huwezi tena kuchota ya kupeleka maabara ukaiamini. Chota, hifadhi kabisa kwenye kichupa, ndio upake siki, subiri dakika nzima kwa saa sio kwa kukisia, angalia weupe. Na kama mlango una ute mwingi ufute taratibu na pamba kubwa, ukisugua damu ikatoka umeharibu vyote viwili.

Asiyejulikana

Mimi natumia dawa za CTC, kliniki ya VVU, miaka sasa. Niliambiwa nirudie nikaacha, naona wananisumbua tu kila mara.

Mkunga wa Masasi

Dada yangu wewe ndio wa kwanza kurudi. Mwenye VVU HPV inang'ang'ania zaidi mwilini na mabadiliko yanakwenda haraka, ndio maana kwenu mnaanza kupima mapema, miaka 25, na mnarudia kila miaka 3 mpaka 5. Siku ya kuchukua dawa waambie hapo hapo CTC kwamba sampuli yako ya mwanzo haikusomeka, usisubiri upigiwe. Kama una uchafu unaotoka utibiwe kwanza.

Bibi Wawili Ng'apa

Wanangu mimi hedhi imekata zamani nina wajukuu. Nimerudia mara ya pili nao wanasema seli chache, haifai. Nesi yule aliniambia ni uzee niende nikapumzike. Ila naona matone ya damu siku zingine kwenye nguo, kidogo tu. Nayo ni uzee?

Mkunga wa Masasi

Shikamoo mama. Naomba usome hii taratibu na kama kuna binti nyumbani akusomee.

Kwamba seli ni chache ukishakoma hedhi, hiyo ipo. Homoni zikipungua ukuta unakuwa mwembamba na mkavu, na ile sehemu tunayoitaka inajificha ndani ya njia brashi haiifikii. Kwa mama wa namna hiyo daktari anaweza kuandika krimu ya homoni ya kuweka ukeni wiki chache, inasitishwa siku kadhaa, ndio sampuli inachukuliwa upya na inakuja nzuri. Siki pia kwa umri wako haifai sana kwa sababu hiyo hiyo ya kujificha.

Lakini damu mama, hapana. Mwanamke aliyekoma hedhi hatakiwi kuona damu hata tone, hiyo sio ya kusubiri sampuli ya tatu. Wewe sasa sio wa uchunguzi wa watu wazima wasio na dalili, wewe una dalili. Unahitaji kulala kitandani daktari akuone mlango wa kizazi kwa macho yake na kwa vidole, na akiona chochote akate kinyama kidogo kipelekwe maabara, pia wakuangalie mfuko wa uzazi kwa utrasaundi. Pap smia kwenye uvimbe unaovuja damu inaweza kuja na damu na uchafu mtupu, ikaandikwa haifai, na ugonjwa upo pale pale. Nawaambia na manesi wenzangu mnaosoma, mama mwenye damu au uvimbe unaoonekana msimwandikie tarehe ya kurudia, mwandikieni rufaa.

Nenda wiki hii mama. Hospitali ya mkoa ya Sokoine hapo Lindi mjini, usianzie zahanati. Huenda isiwe kitu, wengi ni ukavu tu unachubuka, ila hilo aliseme mtu aliyekuangalia.

Darubini Lindi

Mama nakuunga mkono uende. Ukifika sema hivi: nimekoma hedhi na natokwa damu. Maneno hayo hayo. Usianze na habari ya sampuli watakupeleka foleni ya kurudia.

Bibi Wawili Ng'apa

Nimeenda na binti yangu. Daktari kaangalia, kasema anataka kukata kinyama, kanipa siku nyingine. Nifanyeje kabla ya hiyo siku, na nisijioshe?

Mkunga wa Masasi

Asante Mungu umeenda. Usijioshe ndani, usiweke dawa yoyote. Kama unakunywa dawa ya kulainisha damu au hata aspirini ya moyo, mwambie daktari kabla ya siku hiyo, usiache mwenyewe. Kula kawaida, chukua pedi, nenda na binti. Yale majibu yako mawili ya mwanzo nenda nayo, hata kama yameandikwa haifai.

Binti akae pale mpaka aone kinyama kimeingia kwenye kikopo chenye fomalini ya kukizamisha chote, na jina lako limeandikwa kwenye kikopo chenyewe, sio kwenye kifuniko maana vifuniko vinabadilishana. Aulize kinaenda maabara gani na majibu yanafatwa wapi, aandike na namba ya kumbukumbu. Utatokwa damu kidogo siku chache hiyo kawaida, ila ukilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja au homa ikipanda rudi hospitali hapo hapo hata usiku.